Hillman Imp: Gari dogo lililobebeshwa mzigo wa nchi

Lilikuwa gari la familia lenye injini ya kisasa kuliko za wapinzani wake wote nchini Uingereza. Lilidumu miaka 13, na kiwanda kilichojengwa kwa ajili yake kikafungwa miaka mitano baadaye. Lawama nyingi zikawaangukia mafundi waliotoka kuunda meli. Historia yake inaonyesha kwamba lawama hizo zilipelekwa kwenye mlango usiohusika.

Tarehe 2 Mei 1963 Mwanamfalme Philip, mume wa Malkia Elizabeth II, alifika Linwood, wakati huo kijiji tu, magharibi ya Glasgow karibu na mji wa Paisley, kufungua kiwanda kipya cha magari. Kwa watu wa Scotland siku hiyo ilikuwa kubwa. Kampuni zao za zamani za magari zilikuwa zimefunga milango zaidi ya miaka 30 nyuma, na sasa gari jipya kabisa lilikuwa linatoka mikononi mwao.

Gari lenyewe liliitwa Hillman Imp. Lilikuwa na milango miwili, nafasi ya watu wanne, urefu wa mita 3.58 na uzito wa karibu kilo 700. Bei yake ilianzia pauni 508. Kiwanda kilijengwa kwa uwezo wa kutoa magari 150,000 kwa mwaka, na waliokijenga waliamini kwamba kingeinua uchumi wa eneo zima. Hakikufikia idadi hiyo hata mwaka mmoja. Hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 1976, yalikuwa yametoka takriban magari 440,000 tu, na karibu nusu yake yalitoka katika miaka mitatu ya kwanza.

Mgao wa petroli na vijana wawili

Kampuni iliyotengeneza Imp ilikuwa Rootes, mali ya ndugu wawili, William na Reginald Rootes. Walianza kama wauzaji wa magari, kisha wakanunua kampuni moja baada ya nyingine: Hillman, Humber, Sunbeam, Talbot na Singer. Makao yao ya uzalishaji yalikuwa Coventry, katikati ya Uingereza. Sifa yao ilikuwa magari ya kati, imara na ya heshima, yale ambayo mwalimu mkuu au daktari wa mji mdogo angeyanunua bila wasiwasi. Gari dogo la bei ya chini hawakuwa nalo.

Mwaka 1955 wahandisi wawili vijana wa kampuni hiyo, Michael Parkes na Tim Fry, walianza kulifanyia kazi wazo la gari dogo. Jaribio lao la kwanza lilikuwa na injini ya silinda mbili iliyopozwa kwa hewa, na kwa umbo lake la mviringo lilipachikwa jina la utani la konokono asiye na gamba. Wakuu wa Rootes walipolitazama walilikataa. Kwao lilikuwa duni mno kubeba jina la kampuni.

Mwaka uliofuata Misri ilitaifisha Mfereji wa Suez. Vita vikazuka, meli za mafuta zikakatiwa njia, na kuanzia Desemba 1956 hadi Mei 1957 Waingereza wakawa wanapata petroli kwa mgao. Ghafla gari linalokunywa kidogo likawa hitaji la kila nyumba. Barabara zikajaa vigari vya magurudumu matatu kutoka Ujerumani na Italia. Kampuni ya BMC ikamwagiza Alec Issigonis abuni gari dogo la kweli, naye akaleta Mini, iliyoingia sokoni Agosti 1959. Rootes nao wakawarudia Parkes na Fry, safari hii kwa fedha na kwa dhamira.

Injini ya pampu ya zimamoto

Kilicholipa Imp heshima yake ni injini, na historia ya injini hiyo inaanzia mbali na magari. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Serikali ya Uingereza ilitaka pampu za kuzima moto zilizo nyepesi, ambazo watu wangeweza kuzibeba kwa mikono hadi kwenye maji. Kampuni ya Coventry Climax ikatengeneza injini ndogo ya aluminiamu kwa kazi hiyo. Ilikuwa nyepesi, ilizunguka kwa kasi kubwa na haikuchoka haraka. Watengenezaji wa magari ya mashindano walipoiona hawakukawia kuiomba, na punde ikawa inasukuma magari ya Lotus na Cooper. Jina la Coventry Climax likapanda hadi kileleni: Jack Brabham alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1959 na 1960 akiendesha Cooper yenye injini kubwa zaidi za kampuni hiyohiyo.

Rootes walichukua mdogo wa ukoo huo, wakaurekebisha hadi sentimita za ujazo 875, wakaulaza upande kwa nyuzi 45 ili uzito ukae chini, na wakaufunga nyuma ya gari. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Uingereza kutengeneza kwa wingi gari la familia lenye injini nyuma, na mara ya kwanza kwa bloku na silinda hedi kusubiwa kwa aluminiamu katika gari la namna hiyo. Injini ilitoa nguvu farasi takriban 39. Kwa gari la kilo 700 la mwaka 1963, hizo zilitosha kulipandisha mlima likiwa na watu wanne bila kulalamika.

Gari lenye injini nyuma lina hatari yake. Uzito ukikaa nyuma, kona kali humpokonya dereva gari, mkia ukataka kutangulia. Parkes na Fry waliijua hatari hiyo na hawakutaka njia ya mkato. Waliyapa magurudumu ya nyuma mfumo wa kujitegemea wa gharama kubwa, ambao ulizuia tairi lisiinamie ndani gari linapoinuka. Kisha wakaweka sharti lililowashangaza wenye gereji: upepo wa tairi za mbele uwe paundi 15, wa nyuma 30. Anayejaza mbele na nyuma sawasawa analiharibu gari kabla hajatoka kituoni. Aliyefuata sharti hilo alipata gari lenye usukani mwepesi sana na lililoshika kona vizuri.

Familia nayo ilifikiriwa. Kioo cha nyuma kilifunguka kwa kuinuliwa juu, na mgongo wa siti ya nyuma ulilala, hivyo mama aliyetoka sokoni aliweza kuingiza vikapu kwa nyuma bila kuhangaika na milango. Buti dogo lilikuwa mbele. Gia zote nne ziliingia kwa ulaini, wakati dereva wa Mini ya miaka hiyo alilazimika karibu kusimama kabisa ndipo arudi namba moja. Wahandisi walipunguza hata kazi ya gereji: viungo vingi havikuhitaji kupakwa grisi, jambo lililokuwa geni kwa magari ya wakati huo.

Kwa nini Linwood

Rootes walitaka kulijenga gari lao Coventry, walikokuwa na viwanda, mafundi na wauzaji wa vipuri. Serikali ya Harold Macmillan haikukubali. Sheria ilidai kibali kabla ya kupanua kiwanda kikubwa, na vibali vilinyimwa katika miji yenye kazi tele ili viwanda viende kwenye maeneo yenye ukosefu wa ajira. Rootes hawakuwa peke yao. Ford walielekezwa Halewood karibu na Liverpool, Vauxhall wakaenda Ellesmere Port, na BMC wakapeleka malori yao Bathgate, huko huko Scotland.

Hoja ya Serikali ilikuwa na uzito. Bonde la mto Clyde, lililokuwa limeunda meli za dunia nzima, lilikuwa linapoteza kazi mwaka hadi mwaka. Kampuni ya North British Locomotive ya Glasgow, ambayo wazee wetu waliozijua treni za moshi wameziona kazi zake kwa macho, ilifilisika mwaka 1962. Ndiyo iliyotengeneza vichwa vya daraja la 29 vya reli ya Afrika Mashariki, vile vilivyopewa majina ya makabila ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Maelfu ya mafundi wa chuma wenye ujuzi wa hali ya juu walikuwa wanabaki bila kazi. Aidha, Serikali ilikuwa imeamua mwaka 1958 kwamba kiwanda kikubwa cha mabati ya chuma kijengwe Ravenscraig, karibu na Motherwell, na mabati hayo yalihitaji mnunuzi. Kiwanda cha magari kingeyanunua.

Kwa hiyo Imp lilipewa kazi ambazo halikubuniwa kuzifanya. Lilitakiwa kuwapa ajira waunda meli, kukipa soko kiwanda cha chuma, na kumpa mwanasiasa jambo la kuwaonyesha wapiga kura. Rootes walipewa mkopo wa Serikali wakakubali. Nyumba za wafanyakazi zikajengwa Linwood, kijiji kikageuka mji kwa muda mfupi.

Injini iliyosafiri mara tatu

Kosa kubwa la mpango huu linaonekana ukiifuata injini moja tangu kuzaliwa kwake. Aluminiamu iliyeyushwa Linwood na kumiminwa kwenye kalibu. Bloku lilipopoa lilipakiwa kwenye treni na kupelekwa Coventry, zaidi ya kilomita 480 kusini, kwa sababu mashine za kukereza na mafundi wa kuunganisha injini walibaki huko. Ilipokamilika ilirudishwa kwa treni hadi Linwood, kilomita nyingine 480, ndipo ikafungwa kwenye gari. Gari lilipokuwa tayari, likasafiri tena kusini, kwa kuwa wanunuzi wengi walikuwa England.

Kila safari ilikuwa na gharama yake. Mini ya BMC haikuwa na mzigo wa namna hiyo, na ndiyo Imp lililotakiwa kushindana nayo kwa bei. Zaidi ya gharama, kulikuwa na udhaifu wa mnyororo mrefu: mgomo Coventry ulisimamisha Linwood, na mgomo Linwood uliiacha Coventry na injini zisizo na gari. Reli ikichelewa, pande zote mbili zilisubiri.

Migomo haikukosekana. Hapa ndipo hadithi ya mitaani inaposema kwamba wafanyakazi wa Scotland walikuwa wakorofi. Ukweli ni mpana zaidi. Mfanyakazi wa Linwood alilipwa pungufu kuliko mwenzake wa Coventry, kampuni ni ileile na jina la gari ni lilelile. Mtu aliyezoea kazi ya meli, ambako fundi hupewa kipande chake na kukimaliza kwa ujuzi wake, aliwekwa kwenye mstari unaotembea, arudie tendo moja kutwa nzima huku saa ikimpima. Mabadiliko ya namna hiyo yanahitaji mafunzo ya muda, na mameneja waliotoka kusini hawakuwa na muda.

Kuchemsha, choki na pedali ya upepo

Rootes walikuwa na haraka kwa sababu walikuwa wanaishiwa fedha. Mgomo mrefu wa mwaka 1961 katika kiwanda chao cha Acton, London, ulikuwa umeikausha kampuni, na Mini ilikuwa inauzwa tangu 1959. Wakazindua kwa pamoja gari jipya, injini mpya na kiwanda kipya chenye wafanyakazi wapya. Jambo moja kati ya hayo lingetosha kuipa kampuni kubwa jasho.

Magari ya kwanza yakaanza kurudi gereji. Pedali ya mafuta haikuunganishwa na kabureta kwa waya, iliunganishwa kwa mpira uliosukuma hewa. Hewa ikivuja, gari halisikii mguu wa dereva. Choki ilijiendesha yenyewe, na mara nyingi ilikwama, injini ikalishwa petroli kupita kiasi. Pampu ya maji ilivuja. Rejeta ilikaa nyuma ubavuni mwa injini, mahali ambapo upepo wa safari hauipigi usoni, hivyo maji yakipungua kidogo gari lilichemsha.

Injini ya chuma cha kusubu huvumilia kuchemsha mara moja moja. Ya aluminiamu haivumilii. Aluminiamu hutanuka kwa joto kuliko chuma, na silinda hedi ikishapinda, gasketi huungua na maji huchanganyika na oili. Mafundi wa mitaani walikuwa wamekulia kwenye injini za chuma; walikaza bolti kwa nguvu waliyoizoea na kuharibu nyuzi za aluminiamu. Mwenye gari aliyepuuza maji ya rejeta, kama alivyokuwa akipuuza kwenye gari lake la zamani, alilipa gharama kubwa.

Mengi ya haya yalirekebishwa. Mwaka 1965 lilitoka toleo la pili: waya wa kawaida ukachukua nafasi ya mpira wa hewa, choki ikawa ya kuvutwa kwa mkono, pampu ikaboreshwa. Gari likawa lile ambalo lilipaswa kuwa tangu siku ya kwanza. Lakini jina la gari likishaharibika, kulisafisha ni kazi ya miaka. Mtu aliyeona Imp la jirani linatoa mvuke kando ya barabara hakuhitaji tangazo la gazeti kumweleza anunue nini.

Sifa kwenye mashindano

Wale waliolielewa gari hili walilipenda kwa dhati, na barabara za mashindano zikawapa haki. Mwaka 1965 Rosemary Smith, binti wa Dublin aliyewahi kuwa mbunifu wa mavazi, alishinda mbio za Tulip nchini Uholanzi akiendesha Imp. Hakushinda kundi la wanawake pekee, aliwashinda wote. Mwaka uliofuata, kwenye mbio za Monte Carlo, gari lake liliondolewa pamoja na Mini zilizokuwa zimetangulia, kwa madai kwamba taa zao hazikufuata kanuni. Uamuzi huo uliwaudhi Waingereza kwa miaka mingi.

Bill McGovern naye alitwaa ubingwa wa magari ya kawaida wa Uingereza miaka mitatu mfululizo, 1970, 1971 na 1972, kwa Sunbeam Imp. Gari lenye injini chini ya lita moja kushikilia ubingwa wa nchi kwa miaka mitatu si bahati. Ni ushahidi kwamba kazi ya Parkes, Fry na wahandisi wa Coventry Climax ilikuwa safi. Parkes mwenyewe alikuwa ameshahamia Ferrari, ambako alikuwa mhandisi na dereva, na mwaka 1966 alimaliza wa pili katika Grand Prix za Ufaransa na Italia.

Rootes walijaribu kulitanua soko kwa majina. Singer Chamois lilikuwa na mapambo ya ndani yaliyopendeza zaidi, Sunbeam Stiletto lilikuwa na paa la mteremko, Hillman Husky lilibeba mizigo ya familia, na kulikuwa na gari dogo la bidhaa kwa wenye maduka. Yote yalikuwa Imp, na yote yalipanda treni zilezile.

Kufungwa kwa kiwanda

Bwana William Rootes alifariki Desemba 1964, mwaka uleule ambao kampuni ya Chrysler ya Marekani ilianza kununua hisa. Mwaka 1967 Chrysler wakashika usukani wa kampuni nzima. Hawakuwa na mapenzi na gari ambalo halikuwaletea faida, hivyo wakaliacha liendelee bila kuliwekea fedha za maana. Imp la mwisho lilitoka mwaka 1976. Mwaka uliofuata Linwood ilianza kutoa Chrysler Sunbeam, na toleo lake la bei ya chini lilibeba injini ya ukoo uleule, ikiwa imepanuliwa hadi sentimita za ujazo 928. Gari lilikuwa limekufa, injini bado inatakiwa.

Mwaka 1978 Chrysler waliuza biashara yao ya Ulaya kwa Peugeot. Wafaransa walikuta viwanda vingi kuliko mahitaji, na Linwood ikawa ya kwanza kutajwa. Kiwanda kilifungwa mwaka 1981. Maelfu walipoteza kazi katika mji ambao ulikuwa umejengwa kwa ajili ya kazi hiyo moja, na kiwanda cha Ravenscraig, kilichomtegemea mnunuzi huyo, nacho kikafuata mwaka 1992. Mwaka 1987 ndugu wawili waimbaji wa Scotland, The Proclaimers, waliitaja Linwood katika wimbo wao wa kuomboleza viwanda vilivyopotea, na hadi leo vijana ambao hawajawahi kuliona Imp wanalijua jina la mji huo kutokana na wimbo.

Nani alaumiwe

Kwa miaka mingi maelezo mepesi yamekuwa kwamba waunda meli hawakuweza kuunda magari. Maelezo hayo yanawadhulumu. Ubovu wa kazi ya mikono ulikuwepo katika miaka ya mwanzo, na hakuna sababu ya kuuficha. Wafanyakazi wapya katika kiwanda kipya hukosea kokote. Lakini fundi wa Linwood hakubuni pedali ya upepo. Hakuchagua choki iliyokwama wala kuiweka rejeta mahali pasipo na upepo. Hakuomba mashine za kukereza zibaki kilomita 480 kutoka kwenye kalibu, na hakupanga alipwe pungufu kuliko mwenzake.

Nia ya kupeleka ajira Scotland ilikuwa njema, na watu wa Clyde walistahili. Ila ajira inayopelekwa nusunusu haikai. Kama Serikali ilitaka kiwanda cha kweli, ilipaswa kudai kazi yote ya injini ihamie Linwood, pamoja na wauza vipuri na shule ya mafunzo, na kukipa kiwanda miaka miwili ya kujifunza kabla ya kumkabidhi mteja gari la kwanza. Kama Rootes walitaka kushindana na Mini, walipaswa kulijaribu gari lao hadi choki ile ijulikane ubovu wake kabla ya uzinduzi. Pande zote mbili zilitaka matokeo bila kulipia maandalizi.

Anayetaka kuwahukumu watu wa Linwood na aulize kwanza nani alipanga safari za ile injini, nani alichagua tarehe ya uzinduzi, na nani aliidhinisha gari litoke likiwa halijakomaa. Majibu yote matatu yanapatikana Coventry na London.